Aljubarrota, 1385: haki ya Beatriz na ushindi wa João

Kila tarehe 14 Agosti Wareno huvikumbuka vita vya Aljubarrota vya 1385 kama siku ufalme wao ulipookolewa. Masimulizi yenyewe yamenyooka: mfalme wa Kastilia, ufalme jirani ulio sehemu ya Hispania ya leo, alitaka kuimeza Ureno, watu wa Lisbon wakakataa, João, Mkuu wa Shirika la Avis, shirika la kidini la wapiganaji, akasimama mbele yao, na jeshi dogo likalivunja jeshi kubwa kabla giza halijaingia. Ndani ya masimulizi hayo yumo mtu anayetajwa kwa haraka, kana kwamba hakuwa na lolote ila jina la kutumiwa na mumewe. Huyo ni Beatriz, mtoto pekee wa ndoa aliyeachwa hai na Mfalme Fernando wa Kwanza, ambaye siku majeshi yalipokutana alikuwa na umri wa miaka 12. Kiti kilichogombewa kilikuwa cha baba yake, na baraza la ufalme lilikuwa limemwapia kuwa mrithi tangu 1376, alipokuwa bado mtoto mdogo kabisa. Naamini madai yake yalikuwa na uzito mkubwa kuliko washindi walivyopenda kukiri, na kwamba kilichoyazima ni mapigano ambayo hayakufika saa moja, wala si hukumu ya sheria. Upande wa João nao ulikuwa na hofu za kweli, na hofu hizo zinastahili kupimwa kwa haki.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki mgogoro huu hauko mbali kama unavyoonekana. Ukoo uliopata kiti kwa ushindi wa Aljubarrota ndio uliotuma merikebu zilizofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na Manuel, mfalme aliyezituma, alikuwa kitukuu wa João wa Avis. Kilwa na Mombasa zilizoshambuliwa mwaka 1505 zilishambuliwa kwa amri ya mfalme huyohuyo. Hatuwezi kusema kwamba ukoo mwingine usingevuka bahari, lakini tunajua ni ukoo upi uliovuka, na tunajua ulikipata wapi kiti chake.

Chanzo cha yote ni mkataba, na wengi huuhukumu bila kuyatazama masharti yake. Fernando alikuwa amepigana na Kastilia mara tatu katika utawala wake, na kila mara Ureno ilitoka imechoka zaidi. Tarehe 2 Aprili 1383, akiwa mgonjwa na asiye na mwana wa kiume, alikubaliana huko Salvaterra de Magos kwamba Beatriz aolewe na Juan wa Kwanza wa Kastilia, mjane mwenye wana wawili. Harusi ilifungwa Mei mwaka huohuo, bibi arusi akiwa na miaka 10. Masimulizi ya washindi yanaishia hapo: binti kapewa adui, ufalme umekwenda naye. Lakini mkataba ulisema wazi kwamba falme mbili zitabaki mbili. Juan angeweza kuitwa mfalme wa Ureno kwa haki ya mke wake, ila serikali ingebaki mikononi mwa Malkia Leonor Teles, mama yake Beatriz, hadi mtoto atakayezaliwa na Beatriz afikishe miaka 14 na kutawala mwenyewe.

Wana wale wawili wa Juan ndio ufunguo wa mpango mzima, na ajabu ni kwamba watu huwapita bila kuwaona. Mkubwa wao, Enrique, alikuwa tayari mrithi wa Kastilia. Kwa hiyo mtoto yeyote wa Beatriz angekuwa ndugu mdogo wa mfalme wa Kastilia, mwenye kiti chake mwenyewe magharibi, na koo mbili zingekaa upande kwa upande kama zilivyokaa kwa karne mbili kabla ya hapo. Fernando hakuwa mfalme wa kusifiwa sana, lakini katika jambo hili hakuutupa ufalme wake. Alitafuta namna ya kumaliza vita vya mfululizo huku akimwachia mjukuu wake nchi iliyo kamili.

Mahali mkataba ulipoharibika ni kwenye ile namba 14, nami nimekuwa nikiirudia mara nyingi kuliko namba yoyote nyingine katika habari hii. Tuhesabu. Beatriz alizaliwa mwaka 1373. Hata tukichukulia kwamba angepata mtoto mapema kwa desturi za wakati ule, tuseme akiwa na miaka 15, mtoto huyo angezaliwa mwaka 1388 na kufikisha miaka 14 mwaka 1402. Fernando alifariki tarehe 22 Oktoba 1383. Maana yake ni kwamba, mambo yote yakienda vizuri, Leonor Teles angeitawala Ureno kwa takriban miaka 19, muda mrefu kuliko ule ambao mumewe mwenyewe alikaa kitini. Mtoto akichelewa miaka mitano, utawala wake ungefika robo karne. Na huyu hakuwa malkia ambaye watu wa Lisbon wangemvumilia hata mwaka mmoja. Ndoa yake na Fernando ilileta ghasia mjini tangu mwanzo, kwa sababu alikuwa na mume hai, João Lourenço da Cunha, ambaye ndoa yake naye ilivunjwa kwa hoja ya undugu wa karibu. Na fundi cherehani Fernão Vasques, aliyewaongoza watu kuipinga ndoa hiyo mpya, aliuawa. Mfalme alipofariki, aliyekuwa karibu zaidi na malkia alikuwa mtu wa Galicia, João Fernandes Andeiro, ambaye mji mzima ulisema ni hawara yake.

Tukiiweka hesabu hiyo mbele yetu, uasi wa Disemba 1383 unabadilika sura. Mafundi na wafanyabiashara wa Lisbon hawakuhitaji kuichukia Kastilia ili waingie barabarani. Iliwatosha kufikiria miaka 19 ya Leonor na Andeiro. Tarehe 6 Disemba Mkuu wa Avis aliingia ikulu na kumuua Andeiro. Mpango ulikuwa umeandaliwa na watu wake, akiwemo mzee Álvaro Pais: kijana alitumwa kwenda mbio mitaani akipiga kelele kwamba Mkuu anauawa, na umati ukafurika kumwokoa mtu ambaye hakuwa katika hatari yoyote. Siku hiyohiyo askofu wa Lisbon, mwenye asili ya Kastilia, alirushwa kutoka mnara wa kanisa lake kuu. Leonor akakimbia. Hadi hapa shabaha ya hasira ilikuwa mama, na binti hakuwa amefanya lolote. Yeye alikuwa Kastilia, mtoto wa miaka 10, na hakuna aliyekuwa ameuliza bado kama haki yake ni halali au si halali. Swali hilo lilizuka baadaye, pale waliomuua Andeiro walipohitaji mfalme wa kuwalinda.

Hata hivyo, aliyewapa waasi hoja yao bora alikuwa Juan mwenyewe, na hili ni jambo ambalo mtetezi wa Beatriz hawezi kulikwepa. Mara tu Fernando alipokufa, Juan alimkamata na kumfunga mwana wa mfalme aliyeitwa naye João, mtoto wa Mfalme Pedro, baba yake Fernando, na Inês de Castro, aliyekuwa amekimbilia Kastilia na ambaye wengi nchini Ureno walimtazama kama mrithi mbadala. Kisha, Januari 1384, akavuka mpaka na jeshi. Leonor, ambaye ndiye aliyemwita amsaidie, akajikuta huko Santarém akimkabidhi mamlaka yote, na baada ya miezi michache akapelekwa kwenye nyumba ya watawa ya Tordesillas akiwa mfungwa kwa kila hali isipokuwa jina. Kwa kumwondoa Leonor, Juan aliondoa kile ambacho Lisbon ilikichukia zaidi, na papo hapo akavunja kifungu kilekile kilichokuwa kinga ya Ureno. Angekuwa na subira, angeachia ghadhabu ya watu imfikie Leonor peke yake, kisha akaitisha baraza la ufalme kwa jina la mke wake. Alichagua kuuzingira mji.

Kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Septemba 1384 Lisbon ilizingirwa kwa nchi kavu na kwa mto Tejo. Njaa iliingia mjini, tauni ikaingia kambini, na tauni ndiyo iliyoamua: Juan alivunja mzingo baada ya kupoteza watu wengi kwa ugonjwa, wakiwemo makamanda wake. Mtu aliyekula mizizi ndani ya kuta zile hakuwa na sababu ya kusikiliza mawakili wakimweleza kwamba jeshi lililo nje ni la malkia wake halali. Hapa upande wa João una nguvu ambayo hakuna hati inayoweza kuipunguza. Mkataba uliwaahidi Wareno kwamba hakuna mfalme wa Kastilia atakayewatawala, na mfalme wa Kastilia alikuwa mbele ya lango lao, amejipa jina la mfalme wa Ureno na kuziunganisha nembo za falme mbili katika ngao yake.

Lakini kuvunja mkataba kwa mume ni jambo moja, na haki ya mke kurithi kiti cha baba yake ni jambo lingine. Haki ya Beatriz haikutoka Salvaterra de Magos. Ilitoka kwenye damu yake na kwenye kiapo cha 1376, miaka saba kabla ya Juan kufikiriwa kuwa mume wake. Kama Juan aliikiuka ahadi yake, adhabu ya haki ilikuwa kumnyima yeye nafasi nchini, si kumfuta binti wa mfalme kutoka kwenye ukoo wa baba yake. Ndiyo maana baraza lililokutana Coimbra mwezi Machi 1385 halikuweza kutosheka na kosa la Juan. Ilibidi limpate Beatriz mwenyewe.

Kazi hiyo ilimwangukia mwanasheria João das Regras, na ni lazima tukubali kwamba aliifanya kwa akili kubwa. Alichukua wagombea mmoja baada ya mwingine na kuwaangusha. Beatriz, alisema, si mtoto halali kwa kuwa ndoa ya Leonor na Fernando ilikuwa batili, mume wa kwanza akiwa hai. Juan ni mfuasi wa Papa wa Avignon, mpinzani wa Papa wa Roma wakati ule Kanisa lilipogawanyika, kwa hiyo ni mtu aliyefarakana na Kanisa, na tena ameingia nchini kwa silaha kinyume cha ahadi. Wana wa Inês de Castro, João na Dinis, nao si halali, kwa sababu ndoa ya siri ambayo baba yao Pedro alidai kuifunga haikuthibitishwa kamwe. Na zaidi ya hayo walikuwa wamechukua silaha dhidi ya nchi yao. Basi kiti kiko wazi, na kiti kikiwa wazi, watu wa ufalme wana uhuru wa kumchagua wampendaye. Tarehe 6 Aprili 1385 wakamchagua Mkuu wa Avis.

Tuzipime hoja hizo kwa mizani moja. Suala la Papa ni dhaifu kuliko linavyosikika, kwa kuwa Fernando mwenyewe alihama kutoka Avignon kwenda Roma na kurudi Avignon kwa kadiri vita vyake vilivyomtaka, na hakuna aliyesema kwamba kwa kufanya hivyo alipoteza kiti. Suala la ndoa ya Leonor ni zito zaidi, lakini lilikuwa likijulikana tangu 1372, na baraza lililojua yote hayo ndilo lililomwapia Beatriz miaka minne baadaye. Kiapo kinachovunjwa kwa sababu iliyofahamika siku kilipotolewa ni vigumu kukiita kiapo kilichopatikana kwa hila. Na juu ya yote hayo kuna aliyechaguliwa. João wa Avis alikuwa mwana wa Mfalme Pedro na Teresa Lourenço, mwanamke ambaye hakuna mtu aliyewahi kudai kwamba aliolewa na mfalme hata kwa siri. Kama kuzaliwa nje ya ndoa kuliwaondoa wana wa Inês, ambao angalau baba yao aliapa kwamba alimwoa mama yao, basi kulimwondoa yeye mara mbili. Isitoshe, alikuwa mkuu wa shirika la kidini la wapiganaji, mwenye nadhiri ya kutooa, na ruhusa ya Papa ya kumfungulia nadhiri hiyo ilithibitishwa mwaka 1391 tu, miaka sita baada ya kutawazwa kwake na miaka minne baada ya harusi yake.

João das Regras aliliona hilo, na ndiyo sababu hakudai kwamba mteja wake ana haki ya kuzaliwa. Alidai kwamba hakuna mwenye haki hiyo, kisha akauweka uchaguzi mahali pake. Hii ndiyo hoja yenye heshima zaidi upande wa washindi, na kwa msomaji wa leo inavutia kwa sababu inasikika kama sauti ya wananchi. Kweli kulikuwa na kitu cha namna hiyo: miji ilikuwa na wajumbe Coimbra, na huko Lisbon mafundi walipewa nafasi katika uendeshaji wa mji kupitia baraza lao la watu 24, jambo ambalo halikupatikana chini ya Fernando. Lakini hata Coimbra hapakuwa na kauli moja. Baadhi ya makabaila, Martim Vasques da Cunha akiwa mbele yao, walimtaka mwana wa Inês aliyefungwa Kastilia, na Nuno Álvares Pereira, kamanda mkuu kijana wa Mkuu wa Avis, alikaribia kushikana nao. Uchaguzi uliofanyika wakati upande mmoja wa ufalme uko na Beatriz, mgombea mwingine yuko kifungoni, na mgombea wa tatu ana jeshi nje ya ukumbi, unaweza kuitwa uchaguzi, ila hauwezi kuitwa hukumu.

Kastilia haikuwa katika nafasi nzuri ya kulalamika kuhusu uzao wa mtu. Baba yake Juan, Enrique wa Trastámara, alikuwa mwana wa nje ya ndoa aliyemuua ndugu yake mfalme kwa mkono wake huko Montiel mwaka 1369 na kukikalia kiti chake. Ukoo mzima wa Juan ulisimama juu ya jambo lilelile alilolifanya João wa Avis. Miongoni mwa wote waliokuwa wakigombana, mwenye madai yanayotegemea urithi wa kawaida alikuwa Beatriz peke yake, na pande zote mbili zilikuwa na sababu ya kutoutilia mkazo urithi.

Mapigano yenyewe yamesimuliwa vya kutosha, nami nitayagusa kwa kile kinachohusu hoja yangu. Juan aliingia tena Ureno mwaka 1385 na jeshi ambalo masimulizi ya kale yanalifikisha watu 31,000, idadi ambayo wanahistoria wengi wa sasa huipunguza. Upande wa João unakadiriwa kuwa na watu wapatao 6,500, pamoja na wapiga upinde wachache kutoka Uingereza. Nuno Álvares Pereira alichagua mwinuko kwenye njia ya kutoka Leiria, mahali panapoitwa São Jorge, vijito vikiwa kulia na kushoto. Wakastilia walipoiona nguvu ya mahali hapo waliizunguka ili washambulie kutoka kusini, kwenye mteremko mdogo zaidi, na Wareno wakageuka nyuma, wakasogea, wakajipanga upya wakiwa wameukinga uwanja kwa mitaro na mashimo. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1950 uliyafukua mashimo hayo kwa mamia. Juan alikuwa mgonjwa, akibebwa kwenye machela. Siku ilikuwa ya joto, watu wake wametembea kutwa, sehemu ya jeshi lake ilikuwa bado njiani, na walikuwapo washauri waliomwambia asipigane jioni ile. Kikosi cha mbele, chenye makabaila wa Kifaransa, kikashambulia, kikabanwa kati ya vijito na mitaro, na waliofuata wakakibana zaidi kwa nyuma. Bendera ya mfalme ilipoanguka, jeshi likatawanyika. Juan alipanda farasi, akakimbia usiku hadi Santarém, kisha kwa mto hadi kwenye merikebu zake.

Tazama basi mambo yaliyoamua: ugonjwa wa mtu mmoja, uchovu wa safari, shauri lililopuuzwa, na kamanda wa miaka 25 aliyejua kuisoma ardhi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalogusa swali kama ndoa ya Leonor Teles ilikuwa halali. Watu wa zama zile waliamini kwamba Mungu hutoa hukumu yake vitani, na João alianza kujenga makao ya watawa ya Batalha kama shukrani kwa hukumu hiyo. Imani yao naiheshimu, lakini haitufungi sisi tunaopima hoja.

Wala haikuwa vita ya taifa moja dhidi ya lingine. Katika jeshi la Juan walikuwamo Wareno wengi waliokuwa wamemwapia Beatriz na wakaona aibu kuvunja kiapo. Ndugu wawili wa Nuno Álvares Pereira mwenyewe, Pedro na Diogo, walikufa siku ile wakiwa upande wa Kastilia. Hawa huitwa wasaliti katika masimulizi ya kawaida. Kwa kipimo cha kiapo cha 1376, usaliti ulikuwa upande wa pili, na lingekuwa jambo la haki kama wangepewa angalau neno la kati. Waliobaki hai walinyang'anywa mashamba na vyeo, ambavyo viligawiwa makabaila wadogo waliopigana na João, na tangu hapo kila nyumba kubwa mpya ya Ureno ilikuwa na faida ya kutaka Beatriz awe si halali. Miaka kama 50 baadaye, mwaka 1434, Mfalme Duarte, mwana wa João, alimpa mtunza hati Fernão Lopes kazi ya kuandika habari za wafalme. Lopes alikuwa mwandishi mwenye kipaji kisicho cha kawaida, na kurasa zake kuhusu njaa ya Lisbon zinastahili kila sifa. Lakini alikuwa anaandika kwa mwana wa mshindi, akitumia hati zilizotunzwa na washindi.

Anayedhani kwamba Coimbra ilikuwa imegundua kanuni ya kudumu, yaani kwamba ufalme unaweza kumchagua mwana wa nje ya ndoa ili kumzuia mfalme wa Kastilia, autazame mwaka 1580. Ukoo wa Avis uliishiwa na warithi. António, Mkuu wa Crato, mjukuu wa Mfalme Manuel kwa mwana aliyezaa nje ya ndoa, alitangazwa mfalme huko Santarém kwa shangwe za watu wa kawaida, dhidi ya Felipe wa Pili wa Hispania, aliyekuwa mtoto wa binti wa Manuel. Mgogoro ulikuwa uleule, na madai yalikuwa yaleyale kwa pande zote mbili. Tarehe 25 Agosti 1580 jeshi la Felipe lilimshinda António huko Alcântara karibu na Lisbon, na mwaka uliofuata baraza la ufalme, mrithi wa baraza la Coimbra, likamtambua Felipe kwa sharti kwamba falme mbili zibaki mbili, kila mmoja na sheria zake. Karibu miaka 200 baada ya Salvaterra de Magos, Ureno ilipata masharti yanayofanana na yale ya Fernando, na mabaya zaidi, kwa sababu safari hii mfalme alikuwa mmoja. Ngome ya Yesu pale Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 chini ya mfalme huyo wa Hispania. António hakuwa na haki pungufu kuliko João wa Avis. Alikosa uwanja wa São Jorge.

Hata hivyo kuna jambo moja linalonisumbua katika kumtetea Beatriz, na ni la mkataba uleule. Ulisema kwamba kama ukoo wa Fernando ungekatika, Ureno ingemwendea Juan. Na kama wa Juan ungekatika, Kastilia ingemwendea Fernando. Juan alianguka kutoka kwenye farasi akafa Oktoba 1390. Beatriz alibaki mjane wa miaka 17 bila mtoto, na hakuolewa tena. Kwa hiyo mtu wa upande wa Avis anaweza kuniambia: mkataba wako mzuri ungefikia palepale tulipopaogopa, kwa kuwa malkia wako alikufa bila mrithi na taji lingeishia Kastilia. Hoja hiyo ni nzito, nami siwezi kuiondoa kabisa. Naweza tu kusema kwamba inahesabu maisha ya mwanamke aliyeshindwa kana kwamba yangekuwa yaleyale angeshinda. Malkia anayetawala Lisbon, mjane akiwa na miaka 17, angeandamwa na wachumba na baraza lake mwenyewe ili apate mume na mrithi, kama wajane wenye mataji walivyoandamwa siku zote. Aliyekuwa akiishi kwa posho ya ukoo wa mumewe huko Kastilia hakuwa na msukumo huo, wala watawala wa Kastilia hawakuwa na haja ya kuona anazaa mtoto mwenye madai yake mwenyewe.

Mwaka 1411 Kastilia ilitia saini amani na kumtambua João. Beatriz alikuwa bado hai, na bado alijiita malkia wa Ureno. Serikali ya Kastilia wakati huo ilishikwa kwa niaba ya mfalme mtoto na mama yake, Catalina wa Lancaster, pamoja na ami yake Fernando; na Catalina alikuwa dada kwa baba wa Philippa, mke wa João. Haki ambayo Coimbra iliikana na São Jorge ikaizima iliachwa rasmi katika makubaliano ya mashemeji, bila mwenyewe kuwa miongoni mwa waliotia saini.